Daftari la Wiki: Maneno Ndugu, Kazi Tofauti

Kwa Kiingereza ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", akifika mezani ni "beef". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Kisa kinachotolewa kueleza jambo hili ni maarufu: mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, wenyeji wakabaki kuchunga mifugo na kuitaja kwa lugha yao, mabwana wapya wakala nyama na kuitaja kwa Kifaransa. Walter Scott alikieneza kisa hicho katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, akikiweka kwenye mazungumzo ya mchunga nguruwe na mchekeshaji. Kisa kina ukweli wake, ila kinaharakisha mambo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, zaidi ya karne tano baada ya uvamizi, bado inawaita "beeves" ng'ombe wazima wa kutolewa sadaka. Kwa hiyo maneno hayo yaliishi nyumba moja muda mrefu sana kabla hayajagawana kazi. Na kuku hakugawanywa kabisa: bandani ni "chicken", sahanini ni "chicken". Ushindi wa vita ulileta maneno mapya. Mgawanyo wa kazi waliufanya wasemaji wenyewe, taratibu, vizazi kwa vizazi.

*

"Shirt" na "skirt" asili yao ni moja. La kwanza ni la Kiingereza cha kale. La pili lililetwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza. Lugha ikajikuta na majina mawili ya vazi, ikalipa moja vazi la juu na jingine vazi la chini. Wadenmaki hadi leo wakisema "skjorte" wanamaanisha shati.

*

Mahali ambapo tofauti hizi zinauma ni mahakamani. Gazeti la Kiingereza likiandika "theft", "robbery" na "burglary", msomaji mwenye haraka anaona wizi mara tatu. Sheria haioni hivyo. Nchini Kenya, Kanuni ya Adhabu inataja hadi miaka 3 jela kwa "theft" ya kawaida, yaani kuchukua cha mtu bila haki. Mwizi akitumia nguvu au kutishia kuitumia, hiyo ni "robbery", na kifungo kinafika miaka 14. Akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimjeruhi mtu, adhabu inayotajwa ni kifo.

"Burglary" ina kisa chake. Kuvunja nyumba ya mtu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni "housebreaking", miaka 7. Kosa lile lile likitendwa usiku ndiyo "burglary", miaka 10. Na usiku umepimwa kwa saa: unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, unaisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dirisha ni lile lile, nondo ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini jina la kosa linategemea saa. Naona haki ndani yake. Usiku watu wamelala, watoto wako vitandani, na anayevunja mlango wakati huo anawatia hofu ambayo mwizi wa mchana haifikii.

*

Jingine la mahakama. Hakimu anatakiwa awe "disinterested", yaani asiwe na maslahi katika kesi. Ole wetu akiwa "uninterested", maana huyo hajali kesi yenyewe. Ajabu ni kwamba katika karne ya 17 maneno haya yalianza maisha kinyume: la kwanza likiwa la asiyejali, la pili la asiyeegemea upande. Siku hizi Waingereza wengi wanayachanganya tena. Mimi niko upande wa wanaoyatenga, kwa ajili ya yule aliyesimama kizimbani.

*

Mwaka 1794 Hester Lynch Piozzi, rafiki wa Samuel Johnson yule wa kamusi, alitoa kitabu kizima kuhusu maneno ya Kiingereza yanayofanana maana. Mumewe wa pili alikuwa mwanamuziki wa Kiitaliano, kwa hiyo Hester alijua vizuri mgeni wa lugha anakwama wapi. Alionyesha neno likiwa kazini: nani analisema, katika mazungumzo gani. Peter Mark Roget, daktari, alipotoa Thesaurus yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mafungu bila kuyaeleza, akimwamini msomaji kuchagua. Ni hazina kwa anayeijua lugha tayari. Kwa mwanafunzi ni orodha inayomdanganya kwamba yote ni sawa, na mazoezi mengi ya "andika neno lenye maana sawa" yanatumia orodha za namna hiyo hiyo. Ningependa mwalimu ampe mtoto sentensi mbili kwa kila neno kabla hajampa kisawe.

*

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nafurahi kwa moyo wote, na nawafikiria wanaofasiri. Mbele yao wana "shall" na "may". Sheria ya Tafsiri ya Sheria imeweka wazi kwamba la kwanza ni lazima na la pili ni hiari. Kwa Kiswahili, "Waziri atateua" mwanasheria anaisoma kama amri, ilhali mtu wa kawaida anaisikia kama habari ya kesho. "Waziri anaweza kuteua" nayo inasikika kama sifa ya uwezo wake. Ningeandika "ni lazima ateue" na "ana hiari ya kuteua", hata kama sentensi inarefuka. Mwombaji wa leseni anayesoma kwamba ofisa "atatoa" jibu ndani ya siku kadhaa ana haki ya kujua, bila kumlipa wakili, kama anaweza kudai siku hizo zikipita.