Ugonjwa wa misuli na chumba cha oksijeni: tusiuziwe hewa

Wadau, wenzetu wenye ndugu wanaougua kudhoofika kwa misuli wananiuliza kama wajaribu hiki chumba cha oksijeni kinachonadiwa kwenye mitandao. Mimi bado sijashawishika. Unalala ndani, presha inapandishwa hadi mara mbili au tatu ya kawaida, unavuta oksijeni tupu. Kwa mpiga mbizi aliyeibuka haraka mno, au aliyedhurika na hewa ya jiko la mkaa, kinaokoa maisha kwelikweli. Hata baadhi ya vidonda sugu vya kisukari vimo.

Lakini Duchenne ni hitilafu ya jeni. Mwili hautengenezi protini ya distrofini, misuli inaharibika kila inapotumika. Oksijeni hairekebishi jeni, jamani! FDA ya Marekani ilishaonya tangu 2013 kuhusu wanaonadi tiba hii kwa magonjwa ambayo haijathibitishwa kuyatibu.

Halafu kuna moto. Januari 2025, Troy, Michigan, mtoto wa miaka 5 alifariki chumba kilipolipuka. Watu wanne wa kituo wakashtakiwa.

Aliyejaribu atwambie hapo chini: ulilipa ngapi, na nani aliipima misuli kabla na baada?