Keki ya jibini si ya hotelini tu

Goma: Wengi hudhani keki ya jibini na stroberi ni ya wenye pesa. Si kweli. Maziwa lita 2 yakichemka na kutiwa ndimu hukatika. Yakichujwa kwa kitambaa safi, hiyo ni jibini laini. Chini biskuti zilizopondwa, katikati jibini yenye sukari, juu stroberi au marakuja. Haihitaji tanuri, ni makala kidogo tu. Pasipo umeme, iliwe siku hiyohiyo.

Masisi inasifika kwa ng'ombe na fromaji, lakini vita vimeleta wafugaji wake wengi Goma mikono mitupu. Ufundi wa maziwa wamekuja nao. Anayenunua jibini yao, badala ya kopo la ng'ambo, anawasaidia kusimama tena bila kungoja foleni ya msaada.