Eneo sawa si ploti moja

Leo naungama kosa langu, na lilitokea hapa hapa Tuwan, Kitale.

Mzee jirani alinijia na karatasi. Ana ploti tatu na wana watatu, akataka orodha kuanzia ndogo hadi kubwa kabla ya kikao cha kuwagawia. Ya kwanza futi 40 kwa 80. Ya pili 50 kwa 100. Ya tatu iko kwenye kona ya barabara: pembetatu yenye kitako cha futi 100 na kimo cha futi 100.

Mimi na digrii yangu nikafungua Java, nikaandika intafesi iitwayo Umbo. Kwa asiyejua, intafesi ni mkataba: kila klasi inayoukubali inaahidi kufanya kazi fulani, kwa njia yake yenyewe. Mstatili unazidisha urefu kwa upana. Pembetatu inazidisha kitako kwa kimo, kisha inagawa kwa mbili. Nikaongeza Comparable ili maumbo yajilinganishe kwa eneo, nikayatia yote kwenye TreeSet, ambayo hujipanga yenyewe.

Zikatoka ploti mbili. Mzee akaniangalia: "Kijana wangu, ya tatu umeshaiuza?"

Piga hesabu nami. 50 mara 100 ni 5,000. 100 mara 100, gawa kwa mbili, pia ni 5,000. Basi compareTo ikajibu 0, na kwa TreeSet 0 maana yake "hiki ninacho tayari". Pembetatu ikaachwa nje kimya kimya, bila ujumbe wowote wa kosa.

Maoni yangu ni haya: kulinganisha si kazi ya umbo. Umbo liahidi eneo lake, basi. "Ipi kubwa?" ni swali la mwenye kuuliza, likae nje kwenye Comparator. Mwana anayetaka kupanda sukuma wiki ataziona ploti hizo mbili sawa. Anayetaka kujenga nyumba ya mstatili hatakubali, kwani mstatili mkubwa kabisa unaoingia ndani ya pembetatu huchukua nusu tu ya eneo: futi za mraba 2,500.

Nimehamia ArrayList, na kila ploti ina namba yake. Sasa zote tatu zinaonekana.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla ya kuandika compareTo, jiulize sifuri yako inasema nini. Yangu ilikaribia kumnyima mtoto wa watu urithi.