Mume Naye Apimwe!



Leo hatuna habari ya shela wala hina. Tunataka kusema juu ya maneno yanayoanza mwaka mmoja baada ya harusi: "Mbona kimya? Huyo mke wenu vipi?" Hapo bibi harusi wa juzi anaanza kuzungushwa. Leo mizizi, kesho kukandwa tumbo, keshokutwa hospitali atiwe rangi kwenye mirija na apigwe eksirei. Mume yuko barazani anakunywa kahawa, hakuna aliyemuuliza kitu.

Sisi tunauita uonevu, na wanaoutenda wengi ni wanawake wenzetu.

Wataalamu wa uzazi wanasema wazi kwamba karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto wana tatizo upande wa mume, peke yake au pamoja na la mke. Na kipimo cha mume ndicho chepesi: hakuna sindano wala kisu. Anakaa siku 2 hadi 7 bila ya tendo la ndoa, manii yanawekwa kwenye kikopo safi, basi. Anayeona haya kutoa hospitali aulize kama anaweza kuleta kutoka nyumbani, maadamu yafike ndani ya saa moja na yasipoe njiani. Kama kuna shaka ya dini, amuulize sheikh anayemwamini.

Maabara huangalia idadi ya mbegu, umbo lake na mwendo wake. Mwendo una uzito wake, kwa sababu mbegu isiyokwenda mbele hailifikii yai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka kiwango cha chini: mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazokwenda mbele asilimia 30. Wanaume 95 katika 100 waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka walifika hapo au walipita.

Zamani mwendo ulikadiriwa kwa jicho tu. Sisi mafundi wa nguo tunalijua jicho: watu wawili wanatazama kiuno kimoja, kila mmoja anataja inchi zake. Siku hizi kuna kompyuta. Kamera juu ya darubini inapiga picha nyingi kwa sekunde moja, na programu inaifuata kila mbegu na kuchora njia yake. Inapima njia yote iliyopita, halafu inapima umbali ulionyooka toka ilipoanza hadi ilipoishia. Ni kama mshono wa zigizaga: uzi umekwenda mwingi, mshono wenyewe mfupi. Mbegu inayozunguka pale pale ina mwendo, lakini haisafiri. Yenye kasi ni ile inayokwenda mbele walau milimita moja kwa sekunde 40.

Kompyuta hizo hizo hupima mbegu za ng'ombe, kondoo na farasi. Dume la uhimilishaji mbegu zake huangaliwa kabla ya kugandishwa, na huangaliwa tena zikishayeyushwa. Mfugaji mwenye akili hamlaumu mtamba wake kabla hajajua dume likoje. Je, binti wa watu asipate haki anayopata ng'ombe?

Msidanganyike na mashine nayo. Ikitegeshwa vibaya huhesabu uchafu kuwa mbegu, na sampuli ikipoa mwendo hupungua. Mtaalamu hodari mwenye darubini nzuri anatosha. Wala jibu moja si hukumu: mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali huziharibu. Majibu yakiwa mabaya, arudie.

Tunaambiwa mume atavunjika moyo. Na mke anayeitwa tasa mbele ya mawifi, moyo wake wa chuma? Anayeletewa ukewenza, au talaka, kwa kosa ambalo halijapimwa? Someni Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50. Allah humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na amtakaye humjaalia ugumba. Aya haikusema kwamba mgumba lazima awe mwanamke.

Basi mabiharusi, lisemeni hili mapema, wakati wa mazungumzo ya ndoa, kwa adabu lakini bila ya kuuma maneno. Mwaka ukipita bila ya mimba, au miezi sita kama bibi amepita miaka 35, nendeni wawili, siku moja. Na nyinyi mama wakwe, kabla hamjaulizia tumbo la mkamwana, ulizeni karatasi ya majibu ya mwanenu. Kama hana, nyamazeni.