Mnaoita Metali Ushetani, Hebu Tuongee

Wasee wangu wa Kisii na Nyamira, leo sina utani. Niliweka video fupi nikisifu The Adept, albamu ya Lord Spikeheart, na komenti zikaanguka kama mvua yetu ya saa tisa. Nusu yenu mmeandika neno moja tu: ushetani. Mwingine akaongeza, "Ndiyo maana aliacha chuo." Niliacha chuo kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya gitaa. Hilo nimelizoea. Lakini neno "ushetani" siliachi lipite hivi hivi.

Kwanza mjue mnamuongelea nani. Jina lake ni Martin Khanja, Mkenya kama mimi na wewe. Kabla ya hii albamu alikuwa nusu ya Duma, bendi ya watu 2 tu, yeye na Sam Karugu, wote wa Nairobi. Albamu yao ilitoka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Usidhani wamejiita yule mnyama mwenye mbio. Jina limetoka kwa Kikuyu, maana yake giza. Walichukua metali nzito wakaichanganya na mashine, ngoma za kompyuta zinakimbia mpaka unasahau kupumua, na juu yake sauti inayotoka chini kabisa ya koo. Majarida ya muziki ya Ulaya yalishtuka. Hapa nyumbani wengi hawakujua hata kama wapo.

Halafu Aprili 2024 sauti ile ile ikarudi, safari hii kwa jina lake mwenyewe na kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Hebu fikiria, kijana wa Kenya anapiga muziki ambao redio zetu haziwezi kuugusa, na bado anamiliki lebo. Hiyo peke yake ingetosha kumpa heshima.

Kuna pia nyinyi wachache mnaojiita mashabiki wa kweli, mnasema hii si deth metali halisi kwa sababu ina rap na tekno ndani. Nyinyi nawajibu haraka. Carcass wa Liverpool walinyamaza baada ya albamu yao ya 1996, wakarudi 2013 na Surgical Steel, miaka 17 baadaye, na magitaa yakakata vile vile kama zamani. Naipenda albamu hiyo kufa. Lakini hiyo ni njia moja ya kurudi, kurudi pale watu walipokuacha. Spikeheart amerudi akiwa amesonga mbele. Kama unataka kila mtu arudi jinsi alivyoondoka, wewe hupendi muziki, unapenda picha za zamani.

Sasa turudi kwa watu wa ushetani.

Mnajua The Adept imetolewa kwa heshima ya nani? Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo hicho katika Mau Mau. Spikeheart ni kitukuu chake. Mama huyo alikaa msituni miaka, akafuga rasta zake karibu miaka 70, zikanyolewa Aprili 2022, na akafariki Septemba 2023. Kwa hiyo ile kelele mnayosema imeagizwa kuzimu ni kijana anamlilia mzee wa ukoo wake. Sisi tunaliaje matangani? Kwa kunong'ona?

Mwingine akasema hii si yetu, ni ya wazungu. Buda, umewahi kukaa karibu na obokano? Nyuzi 8, mwili mkubwa kama karai, na ile sauti nzito inayonguruma mpaka unaisikia kifuani. Abagusii walikuwa na besi kabla ya umeme kufika Keroka. Sisemi obokano ni metali. Nasema sikio la Mgusii halijawahi kuogopa sauti nzito, limefundishwa kuogopa juzi juzi tu.

Na ukipita stendi ya Kisii town mchana, kuna mhubiri ameshika maiki, spika imepasuka, ananguruma kuhusu moto wa milele mpaka mishipa ya shingo imetoka. Sauti ni ile ile ya koo, mada ni ile ile ya kifo. Huyo mnamwekea sadaka. Sina shida naye. Ninachouliza ni kwa nini yeye anguruме awe mtumishi, na Spikeheart anguruме awe shetani.

Lakini hapa ndipo utani unaishia. Kwetu "shetani" na "mchawi" si maneno ya kutupa kwa komenti halafu ukalale. Mei 2008, hapa hapa Kisii, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa sababu kuna mtu alisema ni wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama 4 wazee wakauawa kwa neno lile lile. Sheria ya Uchawi ya 1925, iliyoandikwa na mkoloni, inafanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Sheria ipo. Mdomo unaendelea.

Mimi nina magokoro wangu Nyamira. Anaishi peke yake, amezeeka, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Baada ya video zangu, jirani mmoja alimuuliza huyo mjukuu wake anatoa wapi "zile nguvu". Aliuliza akicheka. Magokoro hakucheka. Anajua majina ya watu ambao mambo yao yalianza na swali kama hilo. Kwa hiyo ukiniandikia "omorogi" kwa simu yako, mimi niko town, nina miguu ya kukimbia. Neno lako likipanda matatu likafika kijijini, halinipati mimi. Linampata yeye.

Sikuombi upende metali. Ni muziki mkali, si wa kuwekea watoto, na ukizima baada ya sekunde 10 sitakuchukia. Sema ni kelele. Sema mimi nina sikio bovu. Hizo ni maoni, tutabishana mpaka bando iishe. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "sipendi" na kusema "huyu ni wa shetani". Ya kwanza inahusu wimbo. Ya pili inamhusu mtu, na hapa kwetu tumeona inaweza kufika wapi.

Na jambo la ajabu ni hili: deth metali imejaa maiti na damu, na sijawahi kusikia mashabiki wake wa Kenya wakichoma nyumba ya omong'ina yeyote. Waliochoma hawakuwa na fulana nyeusi. Walikuwa majirani wa kawaida, waliosikia neno na hawakuuliza swali.

Kuanzia leo, komenti ya "sipendi" inabaki, hata ikiwa na matusi kidogo. Komenti ya "mchawi" au "shetani" nafuta, na aliyeandika namblok, hata kama ni binamu.