Hatia si Wajibu: Mbolea ya Mwaka 2024 na Swali Lililokwepwa

Katika eneo la Plateau, si mbali na mji wa Eldoret, mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Mvua hubisha hodi mwezi Machi au Aprili, na mavuno huingia ghalani kati ya Oktoba na Desemba. Nyanda hizi za Uasin Gishu zina baridi, mahindi yake hukomaa polepole, na hakuna msimu wa pili wa kurekebisha yaliyoharibika katika ule wa kwanza. Mbolea ya kupandia hutiwa ardhini pamoja na mbegu. Fosforasi iliyomo haisafiri mbali udongoni. Mche ukiikosa katika majuma yake ya mwanzo, kuimwaga baadaye juu ya ardhi hakufui dafu. Msomaji asiyeujua ukulima wa huku ayaweke haya akilini, kwa maana bila kuyajua ataidhania kashfa ya mbolea ya mwaka 2024 kuwa kisa cha mifuko michache iliyouzwa kimakosa na kurejeshwa.

Serikali ya Rais William Ruto ilipoingia madarakani Septemba 2022, ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ikaishusha tena hadi shilingi 2,500. Haki ni kuitaja hatua hiyo na kuisifu. Mkulima aliyekuwa akiombwa zaidi ya shilingi 6,000 madukani alishusha pumzi. Lakini ruzuku ilimfanya mkulima huyo huyo aitegemee serikali kama muuzaji wake. Alijiandikisha katika sajili ya serikali, akangoja ujumbe wa serikali kwenye simu, akapiga foleni katika bohari ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, taasisi ya serikali. Kisha, Machi 2024, wanahabari wapekuzi wa Africa Uncensored wakafichua kwamba baadhi ya mifuko iliyopitia mkondo huo wa ruzuku haikuwa na mbolea ya maana ndani yake. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, likachukua hatua dhidi ya watengenezaji. Wakati huo trekta zilikuwa tayari zimeingia mashambani.

Jibu la kwanza la Wizara ya Kilimo, iliyokuwa chini ya Waziri Mithika Linturi, lilikuwa la kiisimu. Nchi iliambiwa kwamba hapakuwa na mbolea bandia. Palikuwa na mbolea isiyofikia viwango. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuupita ubishi huo kwa mzaha. Bandia, katika maana yake kongwe, ni mwanasesere: kitu chenye sura ya mtu, kisicho na uhai wa mtu. Kitu hafifu ni kitu halisi kilichopungukiwa. Tofauti hiyo ipo, na katika mahakama inaweza kumnasua mshtakiwa. Ila aliyetia mfuko wenye sura ya mbolea shambani, asiione mbolea ikifanya kazi, alikuwa na mwanasesere mikononi, wizara iuite iupendavyo. Na hata yule ambaye mfuko wake ulikuwa mzima hakuwa na njia ya kujua. Chembe za kijivu ni chembe za kijivu.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipopindishwa. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, aliwasilisha hoja ya kumbandua Waziri, na tarehe 2 Mei 2024 Bunge la Kitaifa likaipitisha kwa kura 149. Kwa mujibu wa Kifungu cha 152 cha Katiba, iliundwa kamati teule ya wabunge 11 kuchunguza madai. Tarehe 13 Mei wengi wa wanakamati walisema madai hayakuthibitishwa, na hoja ikafia hapo hapo. Baadhi ya maafisa na wafanyabiashara walifikishwa mahakamani. Waziri akarudi ofisini.

Katika mchakato huo wote kilichotafutwa kilikuwa hatia. Je, Waziri alikula? Alitia saini wapi? Alijua lini? Hayo ni maswali halali, na kumhukumu mtu bila ushahidi ni dhuluma. Hata hivyo, hatia na wajibu ni mambo mawili. Hatia humfuata aliyetenda. Wajibu humfuata aliyekabidhiwa. Mchungaji ambaye kondoo wameliwa zamu yake haulizwi kama yeye ndiye fisi. Kamati ilimpima mchungaji kwa mizani ya fisi, ikamkuta si fisi, ikamrudishia fimbo.

Kiswahili cha siasa kinaijua tofauti hii vizuri, na Watanzania ndio walioitia nguvu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watu walikuwa wamekufa mikononi mwa vyombo vya usalama katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hapakuwa na aliyedai kwamba Mwinyi alimgusa mtu yeyote. Vyombo vilikuwa chini yake; hilo lilitosha. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa naye akaachia ngazi kwa sababu ya kashfa ya Richmond, akisisitiza kwamba ameonewa. Katika Kiswahili cha Tanzania, mtu akisema "waziri awajibike", msikilizaji haelewi tu kwamba waziri afanye kazi kwa bidii. Anaelewa kwamba waziri aondoke. Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, majuma machache tu kabla ya wakulima wa Kenya kuanza kuuliza ni nani atakayewajibika kwa mbolea yao.

Kenya imelitumia neno hilo kwa namna yake. Mwaka 2006, katika sakata ya Anglo Leasing, mawaziri David Mwiraria, Kiraitu Murungi na George Saitoti walijiondoa. Murungi na Saitoti walirejea barazani kabla ya mwaka huo kwisha, na Mwiraria mwaka 2007. Amos Kimunya, aliyetangaza kwamba ni afadhali afe kuliko ajiuzulu, alijiuzulu Julai 2008 baada ya Bunge kupitisha hoja ya kutokuwa na imani naye kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency, na Januari 2009 akapewa wizara nyingine. Kujiuzulu huku kulikuwa likizo.

Na kuna kisa kilicho karibu zaidi na nyumbani. Katika serikali ya mseto, Waziri wa Kilimo alikuwa William Ruto mwenyewe. Februari 2009 alikabiliwa na hoja ya kutokuwa na imani naye kutokana na kashfa ya mahindi ya hifadhi ya taifa, Bunge likaiangusha. Mwaka mmoja baadaye, baada ya ripoti ya ukaguzi kuhusu mahindi hayo, Waziri Mkuu Raila Odinga alitangaza kumsimamisha kazi kwa miezi mitatu pamoja na Waziri wa Elimu, Sam Ongeri. Siku hiyo hiyo Rais Mwai Kibaki akaitangua hatua hiyo. Ruto alikana kosa, na haikuthibitishwa popote kwamba alilitenda. Lakini somo alilopewa waziri kijana katika miaka hiyo lilikuwa wazi: asiyethibitishwa hatia hana deni. Mwaka 2024 ndiye aliyekuwa Rais, na somo lile lile likatumika katika wizara ile ile.

Watetezi wa serikali husema kwamba Rais aliwajibisha mawaziri wake tarehe 11 Julai 2024, alipolivunja baraza zima isipokuwa Naibu Rais na Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi. Utetezi huo haukai sawa. Baraza lilivunjwa baada ya vijana kuupinga Mswada wa Fedha barabarani, baada ya makumi yao kuuawa, baada ya Bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni. Aliyeharibu na aliyefanya kazi walifutwa kwa sentensi moja, bila maelezo kwa yeyote. Kisha wengine wakarudishwa. Linturi hakurudi. Je, ni kwa ajili ya mbolea? Hakuna aliyeambiwa. Kifungu cha 153 kinasema mawaziri huwajibika kwa Rais, mmoja mmoja na kwa pamoja. Julai ile waliwajibishwa kwa pamoja ili asiwajibishwe mmoja, na mkulima akabaki na ahadi ya mifuko mingine badala ya ile mibovu. Mfuko hulipwa kwa mfuko. Msimu hulipwa kwa nini?

Uzito wa jambo hili katika Plateau na Uasin Gishu kwa jumla una sababu nyingine, nayo haisemwi sana hadharani. Rais ni mwana wa kaunti hii; Sugoi haiko mbali. Kura za Agosti 2022 zilimiminwa hapa kwa wingi, na kwa wazee wengi kumkosoa Rais ni kumvua nguo mtoto wa nyumbani mbele ya wageni. Hoja hiyo si ya kubezwa. Jamii nyingi za Kenya zimewahi kuitumia zilipokuwa na mtu wao Ikulu. Tatizo lake ni kwamba inaigeuza kura kuwa mkopo usiodaiwa. Anayempenda mwanawe hakosi kumuuliza ng'ombe wako wapi jioni. Juni 2024 vijana wa Eldoret nao waliandamana, katika mji ambao wengi nje ya kaunti walidhani ungenyamaza, na wazazi wao hawakukubaliana wote kuhusu jambo hilo. Vijana hao walikuwa wa kizazi kilichosoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea kama kitabu cha lazima shuleni, wakaandika insha kuhusu utawala wa Majoka huko Sagamoyo na wakapewa alama. Aliyewatunuku alama hizo asishangae walipoyachukua maswali ya mtihani hadi barabarani.

Kazi iliyobaki haihitaji maandamano. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya hasara itokanayo na bidhaa mbovu. Fidia ya hasara si sawa na kubadilishiwa mfuko. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa aliyeombwa atoe uamuzi katika muda wa siku 21. Mkulima anaweza kuuliza mfuko aliouziwa ulipimwa na nani, lini, na matokeo yalifika kwenye meza ya nani kabla haujapakiwa kwenye lori. Wengi wa wakulima hao hawajawahi kuandika barua rasmi kwa Bodi wala kwa Wizara. Wanafunzi wa Kiswahili huandika barua rasmi tangu shule ya msingi, na likizo ya Aprili huangukia wakati wa kupanda.