Mtama Tupande, Nani Ataununua?



Katika kila baraza hapa Makueni wakulima huambiwa waache mahindi, wapande mtama. Ni kweli hali ya anga imebadilika. Kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na Mama akavuna mabua ya ng'ombe tu. Mtama nao hustahimili: jua likizidi hujikunja majani ukangoja, mvua ikirudi huendelea kukua. Basi Mama akachimba matuta ya fanya juu kuzuia maji, akapanda mtama. Sisi watoto tukafukuza ndege (kazi hiyo acha tu!), tukavuna magunia matatu.

Lakini wapi! Mnunuzi hakuna. Hata hapa shuleni saa saba ni githeri, Jumatatu hadi Ijumaa, na mahindi huletwa na lori kutoka mbali. Mkulima si mjinga, hupanda kinachonunuliwa. Maoni yangu ni kwamba shule ipokee mtama wa wazazi badala ya pesa za chakula, tupikiwe angalau siku mbili kwa wiki. Najua mtanung'unika, hata mimi ugali wake siupendi sana. Lakini muhula uliopita nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa hizo, nikashinda nimeketi kando ya magunia yale yale.